Kanuni ya Utani Kwenye Mjadala wa Walimu

Ijumaa iliyopita nilirudisha ufunguo wa chumba cha nyuma ya maktaba, simu ya ofisi, na kompyuta ambayo kibodi yake haina herufi M. Wakati wa chai katibu wa idara akatangaza kwamba "mstaafu wetu" atasema neno. Nina miaka ishirini na tisa. Mkataba umeisha na haukuongezwa, lakini mtu akikuita mstaafu huku ameshika sambusa huwezi kumsahihisha bila kuonekana una uchungu. Nilipokuwa bado najiuliza kama kweli nina uchungu, watu walimaliza chai wakarudi madarasani. Kwa hiyo neno langu nalisema hapa, kwa ninyi wawili mtakaokaa kwenye kile kiti. Kiti ni kimoja. Mtajua wenyewe.

Kazi yenyewe ni kusimamia mijadala ya mtandaoni ya walimu wa shule za msingi wanaosoma stashahada bila kuacha vituo vyao vya kazi: Igunga, Nzega, Urambo, Ulyankulu, na wachache wa hapa Tabora mjini. Ni watu wazima, wamechoka, wanaunga bando la wiki kwa bando la siku, na chuo kinawataka wabishane kwa adabu na watu wasiowaona. Asiyebishana hapati alama za ushiriki, na asiye na alama za ushiriki haingii kwenye mtihani. Lishikeni hilo, maana ndilo lililokuja kutuumiza.

Siku yangu ya kwanza nilipokelewa na Bi Zuhura, aliyekuwa karibu kustaafu kwa maana halisi ya neno. Alianza kazi wakati masomo yanatumwa kwa posta ndani ya bahasha za kaki, na alizungumza na mfumo wa kompyuta kama anavyozungumza na karani wa posta aliyemchelewesha. Somo lake la kwanza kwangu lilikuwa hili: "Usifute ujumbe wa mtu ukiwa umesimama. Kaa. Kunywa maji. Usome tena kwa sauti ya aliyeandika, siyo kwa sauti yako."

"Sauti yake siijui, Bi Zuhura."

"Ndiyo kazi uliyoajiriwa, mwanangu."

Mada ya wiki ile ilikuwa viboko: je, vinamsaidia mtoto kujifunza? Nilidhani jukwaa litawaka moto. Nilikuwa nimejiandaa na jinsi ya kutenganisha wagomvi, nimeandika na maneno ya kutuliza. Asubuhi ikaanza kwa salamu. Shikamoo ya kwanza ilitoka Nzega, ikajibiwa marahaba na kila aliyemzidi mwandishi umri, nao wakaamkia waliowazidi, na mtu wa Urambo akauliza habari za mvua. Mpaka mchana tulikuwa na kurasa za salamu na hakuna hoja hata moja. Kisha akaingia Mwalimu Ndahani, Mgogo aliye mwalimu mkuu huko Igunga, mwanafunzi mkubwa kuliko wote kwa umri, akaandika: "Viboko vinasaidia. Mimi mwenyewe vilinisaidia." Chini yake darasa zima likaandika, mmoja baada ya mwingine, "Nakubaliana na mwalimu mkuu." Baada ya hapo kimya. Nilidhani mtandao umekatika. Nikampigia fundi, akaja, akaangalia, akaniambia mtandao ni mzima, tatizo ni watu.

Miezi ile ya mwanzo nilitunga kanuni nyingi. Nyingine mtazikuta bado zinafanya kazi, na nawasihi msiziguse. Salamu iwe moja kwa wiki, kwa wote. Usiandike kwa herufi kubwa tupu. Mwalimu mmoja wa Urambo aliandika hivyo muhula mzima, nikadhani ananichukia, kumbe macho yake mabovu. Ujumbe wa sauti usizidi muda wa kuchemsha chai, na tafadhali mrekodi mbali na kuku. Sala za kusambaza zipelekwe kwenye makundi ya familia. Kanuni niliyoipenda kuliko zote ilisema: pinga hoja, usimpinge mtu. Niliinakshi, nikaibandika juu kabisa ya jukwaa. Haikusaidia chochote. Kwa watu wetu hoja ya mtu mzima haitoki peke yake nje, hutoka na mvi zake. Ukiigonga, umemgonga yeye.

Kilichotukwamua hakikutoka kwangu. Alikuwepo Kashindye, mwalimu kijana wa Isevya, Mnyamwezi mwenye mdomo. Mada ilikuwa ileile ya viboko, kwa darasa lilelile, maana Bi Zuhura aliirudisha kwa hasira. Ndahani akarudia msimamo wake. Kashindye akaandika: "Mgogo na fimbo vitaachana lini? Fimbo ni ya ng'ombe, mzee. Mimi darasani kwangu sina ng'ombe. Labda wewe unafundisha zizi."

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitufe cha kufuta. Bi Zuhura akaniambia nikae, ninywe maji. Sijamaliza glasi, Ndahani akajibu: "Mpagazi wa Isevya, tua kwanza mzigo wa Waarabu ndipo uongee na wenye mali. Haya, niambie, mtoto asiyechapwa unamfanyaje anapogoma kusoma? Unambeba begani ukampeleke Bagamoyo?"

Kashindye akajibu na alichokifanya kwa mtoto mmoja mgomvi, hatua kwa hatua. Ndahani akamcheka, akauliza maswali ya maana. Mwanamke wa Nzega akaingia upande wa Kashindye, mwingine upande wa Ndahani, na ilipofika jioni tulikuwa na mjadala wa kweli, wenye mifano, wenye watu waliobadili mawazo na kukiri wamebadili. Nilikaa nikiusoma kama mtu anayesoma barua ya ndugu.

"Ni watani," Bi Zuhura akasema, kama kwamba nilitakiwa kujua. Nilitakiwa kujua. Mimi ni Mnyamwezi wa Kanyenye, nimekulia kwenye misiba ambako Wagogo wanakuja kuficha sufuria za wafiwa na kumlaumu marehemu kwa uvivu, na wafiwa wanacheka huku wanalia. Lakini nilisoma chuo kikuu, na huko nilijifunza kwamba adabu ni kutomuudhi mtu. Bi Zuhura akaniambia mababu zangu walipita na mizigo kwenda pwani na kurudi, na kila walipolala walijipatia mtani, kwa kuwa huwezi kupita kwa mwenzio kila mwaka bila ama kupigana naye au kutaniana naye. "Wao walichagua. Wewe tumia."

Tukatumia. Tukaandika kanuni ya utani. Katika kila kundi, mtu apangwe na mtani wake, na mtani ndiye afungue ubishi. Utani ufanyike mbele ya wote, kamwe si kwa ujumbe wa siri. Usimtanie mtu kwa jambo aliloficha. Anayetaniwa anajibu, hakasiriki. Na mtani haombi radhi, maana kuomba radhi ni kusema utani haukuwepo. Waliokosa watani wa kabila tuliwatafutia watani wa ukoo, au babu na mjukuu, na ikishindikana tuliwaacha wapate wenyewe. Nasema "ikishindikana" kana kwamba ilikuwa ajali ndogo. Kwa miaka miwili ilikuwa hivyo.

Kisha akaja Skolastika.

Alikuwa mwalimu wa kujitolea, wa darasa la pili, huko Ulyankulu, mwanafunzi mpya kwenye jukwaa linalochanganya miaka yote ya masomo. Amezaliwa hukohuko, ameolewa hukohuko, uraia anao, lakini wazee wake walitoka Burundi na kila mtu wa mkoa huu akisikia Ulyankulu anajua hivyo kabla hujamwambia. Stashahada ilikuwa mlango wake. Bila hiyo angebaki kujitolea, na kujitolea, kama mnavyojua, ni kufundisha kwa shukrani za mwenyekiti wa kijiji. Aliandika vizuri mno. Sentensi fupi, hazina kosa, na kila moja iliisha kwa kushukuru. Hakubishana na mtu. Wiki ya tatu aliniandikia pembeni: "Madamu, naomba kuelekezwa. Mtani wangu mimi ni nani?"

Niliandika majibu mengi nikayafuta. La kwanza lilisema hana, likasomeka kama hukumu. La pili lilisema sote ni watani, likasomeka kama hotuba ya mkutano. Mwishowe nilimwandikia: "Nimekuweka kundi la Mwalimu Ndahani. Ni mtu mzuri." Ilikuwa kweli. Bado ni kweli.

Mada iliyofuata ilikuwa namna ya kumfundisha kusoma mtoto ambaye nyumbani hazungumzi Kiswahili. Hapo Skolastika akafunguka. Aliandika ukurasa mzima: jinsi anavyowaacha watoto waseme kwanza kwa lugha ya mama zao, wabishane, wachekane, halafu ndipo anawapa neno la Kiswahili kama mtu anayempa mwenzie kikombe. Alisema wazi kwamba wanaokataza lugha za nyumbani shuleni wanakosea. Hiyo ilikuwa hoja ya moja kwa moja dhidi ya nusu ya darasa, akiwemo Ndahani.

Hakuna aliyemjibu. Siku nzima. Niliwaona wakiingia, wakisoma, wakitoka. Hawakumdharau, hawakujua wamshike wapi. Hakuna aliyekuwa na haki ya kumgusa. Ndahani aliliona hilo, na kwa sababu ni mtu mzuri, akajitolea.

Aliandika: "Kumbe mkimbizi naye ana maneno. Leo umekimbia kuja, siyo kukimbia kwenda. Karibu binti, lakini nusu ya hoja umeiangusha njiani, rudi ukaiokote." Halafu akaendelea, aya mbili nzuri, akiichambua hoja yake kwa heshima ambayo hakuwahi kumpa Kashindye.

Watu wakaweka alama za kucheka. Kashindye akaandika, "Mpige, dada, mpige huyo ombaomba wa Kigogo," kumwachia nafasi. Darasa zima likasubiri tusi la Skolastika kama watu wanaosubiri bibi harusi atoke nje. Mimi pia nilisubiri. Mfumo ulionyesha amesoma. Hakujibu siku ile, wala kesho yake, wala wiki ile.

Ndahani alinipigia. "Nimemuumiza binti wa watu?"

"Nadhani hivyo, mwalimu."

"Unadhani au unajua?"

"Mimi siku zote nadhani, mwalimu."

"Basi nitamwomba radhi." Nikasikia ng'ombe nyuma yake. "Hapana, ngoja. Nikimwomba radhi mbele ya darasa, nimetangaza kuwa yeye si mtani. Ni mgeni niliyemkosea. Nisipoomba, mimi ni mzee mshenzi. Wewe mwenye kanuni, kanuni yako inasemaje?"

"Inasema mtani haombi radhi."

"Nani aliandika?"

"Mimi na Bi Zuhura."

"Mliandika vizuri," akasema, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananitania.

Nilikwenda kwa Bi Zuhura, ambaye wakati huo alikuwa ameshastaafu, yuko nyumbani Kanyenye anapepeta mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema mtani hapewi na mtu mmoja. Ni lazima wa pili apokee. Nikamuuliza asipopokea. Akaendelea kupepeta. Niliondoka na hofu kubwa kuliko niliyokwenda nayo.

Nilijaribu ofisi. Niliomba Skolastika apewe kazi ya kuandika badala ya mjadala. Nikaambiwa ushiriki ni ushiriki, tukimwondolea yeye, kesho watakuja wote. Basi nikapanda basi la Ulyankulu.

Nilimkuta darasani. Nilisimama nje ya dirisha, na nikaona kile alichokuwa amekiandika: watoto wa darasa la pili wanabishana kwa Kirundi kama wako sokoni, wanacheka, mmoja amesimama juu ya dawati, na yeye ameegemea ubao anasubiri. Kisha akasema neno moja la Kiswahili na wote wakalirudia. Sijawahi kusimamia mjadala mzuri kama ule.

Alinikaribisha kwake, akanipa maharage na viazi vitamu. Tulizungumza kwanza habari za chuo, za mvua, za tumbaku ya mumewe. Mimi ndiye nilianza.

"Mwalimu Ndahani hakukusudia ubaya."

"Najua, Madamu. Ndiyo maana imekaa vibaya. Angekusudia ubaya ningejua la kufanya. Sisi hilo tumefundishwa tangu wadogo: unanyamaza, unapita."

"Pale alikuwa anakukaribisha. Wenzako wanasubiri umjibu tu. Mtukane, mambo yaishe."

Akacheka kidogo. "Nimtukane mtu wa kunizaa?"

"Kashindye anamtukana kila siku."

"Kashindye." Aliniongezea maharage bila kuniuliza. "Madamu, Mwalimu Ndahani akiitwa ombaomba anacheka, kwa sababu kila mtu anajua ana shamba, ana ng'ombe, ana kwao. Kashindye akiitwa mpagazi, huo mzigo alishautua babu wa babu yake. Mimi nikiitwa vile nikacheka, nitakuwa nimekubali."

Nilisema kitu kuhusu utani kwamba huwa unaanza hivyohivyo, hata wa Wagogo na Wanyamwezi ulianza siku moja. Akasikiliza kwa adabu.

"Na kingine," akasema. "Kwenye kundi tuko wengi. Nikimtukana mwalimu mkuu, wengi watacheka. Akatokea mmoja tu asiyecheka? Akasema, tazameni, tumewapa nchi sasa wanatutukania wazee. Huyo mmoja mimi ndiye nitakayeishi naye. Ninyi mtakuwa mmeshafunga kompyuta."

Mimi ni mtu ninayewaza kila jambo mpaka linachakaa, na hilo la mtu mmoja asiyecheka sikuwa nimeliwaza. Nilimuuliza kama naweza kumwombea alama za huruma. Akakataa kabla sijamaliza sentensi. Alinisindikiza mpaka kwenye basi, akanibebea begi, ingawa nilikuwa na mikono miwili.

Niliporudi nilimweleza Ndahani, si yote, lakini ya kutosha. Na hapo akafanya jambo ambalo sijaliona kabla wala baada. Alianza kujiaibisha. Kila siku aliandika upuuzi wake mwenyewe jukwaani. Leo amesahau miwani akasahihisha madaftari ya darasa lisilo lake. Leo mbuzi kaingia ofisini kala ratiba ya mitihani, na mbuzi ni wa kwake. Leo amesimama mbele ya wazazi na zipu wazi. Mwalimu mkuu, mtu wa heshima zake, akipanga udhalili wake mmoja mmoja kama mtu anayemwekea kuku mahindi mpaka mlangoni. Hakumtaja jina. Kila mtu alijua. Kashindye aliwaomba wengine, kwa simu, mtu asimguse mzee. Jiwe la kwanza liwe la Skolastika. Wakatii. Fikirini darasa zima la walimu wa Tabora linaambiwa mwalimu mkuu wa Kigogo kasimama na zipu wazi, na hakuna anayesema neno.

Skolastika alisoma kila ujumbe. Niliona. Nilikuwa nafungua ukurasa ule asubuhi kabla sijavua koti, na moyo wangu ulikuwa umepanda juu ya alama ile ndogo ya "amesoma". Nilijaribu kuisoma kwa sauti yake, kama nilivyofundishwa. Kuna siku nilisikia anacheka. Siku nyingine nilisikia hakuna mtu kabisa.

Siku ya kufunga mjadala ikafika. Ilikuwa alasiri, umeme umekatika chuoni, nimekaa natazama kwa simu ya ofisi. Jina lake likatokea, na chini yake zile nukta zinazoonyesha mtu anaandika. Zikaja zikapotea, zikaja tena. Kashindye alikuwa ameingia pia, na karibu kundi zima. Hakuna aliyeandika kitu. Nilijikuta nasema peke yangu chumbani, mtukane, mama, mtukane.

Ujumbe wake ulikuwa huu: "Mwalimu Ndahani, pole na majukumu. Nimesoma yote uliyoandika. Nimekusamehe kwa moyo wote, wala usijisumbue tena kwa ajili yangu. Nawatakia wote mtihani mwema. Mungu awabariki."

Dakika ile ile akajiondoa kwenye darasa.

Simu ikaita mkononi mwangu. "Umeona?" Ndahani akauliza.

"Nimeona, mwalimu."

"Amenisamehe."

"Ndiyo, mwalimu."

"Angeniita mwizi wa ng'ombe ningekwenda Ulyankulu na mbuzi, wakampikie mama yake. Sasa niambie, binti yangu, wewe ndiye msimamizi. Mtu akisamehewa hivi anajibu nini?"

Miaka yote ile nimeandika kanuni za kila kitu: za salamu, za kuku, za herufi kubwa. Nikamwambia ajibu asante.

Akaandika asante, akaielekeza kwa Skolastika. Mfumo ukamrudishia kwa maandishi mekundu kwamba hakuna mwanafunzi wa jina hilo.